Mara ya Kwanza Kanisani Tabora: Mwongozo wa Mgeni, Kuanzia Jumamosi Jioni

Jumapili tatu mfululizo dada mmoja alisimama chini ya mwembe nje ya kanisa letu, mkoba kifuani, akasikiliza kwaya mpaka mwisho kisha akaondoka. Jumapili ya nne nilimfuata. Tulisalimiana, tukazungumza habari za mvua, halafu akauliza lile lililokuwa likimzuia: "Nikiingia humo, nitaambiwa nifanye nini?" Nikamjibu, "Utaambiwa ukae." Tukaingia pamoja, nikamkalisha karibu na mama mmoja wa kwaya ya akina mama, mtu anayempokea kila mgeni kama mtoto wake.

Mimi ni Mmoravian, na kazi yangu kila Jumapili ni kusimama mlangoni. Swali la dada yule naulizwa na walimu waliohamishiwa huku, wauguzi, wanafunzi wa vyuo, wafanyabiashara wa mpunga na asali, na majirani Waislamu walioalikwa harusi au ubatizo. Hapa kwetu watu wengi wamelelewa kanisani tangu enzi za bibi zao. Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walifika Tabora mwaka 1878, na Wamoravian walipokea misheni ya Urambo mwaka 1898. Kwa hiyo sisi tuliozaliwa ndani ya desturi hizi tumesahau kwamba kuna mtu asiyejua lini asimame na lini akae. Nimeandika kwa ajili yake.

Kwanza jua unakwenda kanisa la namna gani

Ibada hazifanani. Misa ya Kikatoliki ina mpangilio usiobadilika: ukiijua ya Kanyenye utaitambua hata ya Dar es Salaam. Moravian, Anglikana na KKKT (Walutheri) wana liturgia yao pia, maneno ya kiongozi na majibu ya waumini, na nafasi kubwa ya kwaya na mahubiri. Wapentekoste huanza na kusifu na kuabudu kwa muda mrefu, makofi na ngoma, na mahubiri hayabanwi na saa. Wasabato wanakutana Jumamosi, kwa hiyo ukienda Jumapili utakuta mlango umefungwa. Kwao asubuhi huanza na Shule ya Sabato, watu wakijadili somo, kisha ndipo ibada kuu.

Vitu vya kuandaa

- Nguo ya heshima. Mwanamke: gauni au sketi inayovuka magoti, na mtandio au khanga kwenye mkoba. Mwanamume: suruali ndefu na shati. Suti si lazima.
- Sadaka, kiasi chochote, ikiwa imeshachenjiwa.
- Biblia kama unayo, au ile ya kwenye simu.
- Kitabu cha nyimbo usinunue bado. Kila kanisa lina chake, na jirani atakusogezea.
- Maji ya kunywa kama una mtoto. Septemba na Oktoba jua la Tabora halina huruma, na bati la kanisa linaongeza.

Hatua kwa hatua

1. Jumamosi, uliza saa. Makanisa mengi ya mjini yana ibada mbili au zaidi. Ya kwanza huanza mapema, saa 12 au saa 1 asubuhi, na huwa fupi kwa sababu wa ibada ya pili wanasubiri nje. Kwa mara ya kwanza nakushauri ya kwanza. Misa ya kawaida huchukua kama saa moja na nusu hadi mbili. Kwetu hesabu saa mbili na zaidi, na kwa Wapentekoste tatu hadi nne. Kukiwa na kipaimara (kuthibitishwa kwa waliobatizwa), ubatizo au ugeni wa askofu, muda unarefuka. Siku Kardinali Protase Rugambwa, Askofu Mkuu wa Tabora, anapoadhimisha misa, usiweke miadi ya mchana.

Uliza pia kama ni siku ya kawaida. Mkesha wa Pasaka kwa Wakatoliki huanza gizani, kwa moto na mshumaa mkubwa, na masomo yake ni mengi. Sisi Wamoravian Pasaka tunaikutania makaburini alfajiri, kabla jua halijachomoza, tukitangaza ufufuko mahali walipolala wazee wetu. Naipenda ibada hiyo kuliko zote za mwaka, lakini mtu asiyejua anaweza kufika kanisani saa 11 alfajiri akakuta hakuna mtu.

2. Fika dakika kumi na tano mapema. Ukiwahi utachagua pa kukaa, na mhudumu atapata nafasi ya kukueleza mambo. Ukichelewa, subiri mlangoni mpaka sala au somo liishe. Watu hawatembei wakati Neno linasomwa.

Mlangoni utasalimiwa. Wakatoliki husema "Tumsifu Yesu Kristo", na jibu ni "Milele, amina." Kwingine utasikia "Bwana Yesu asifiwe", jibu "Amina". Wazee wa hapa wanaweza kukuambia "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi. Ukikosa jibu, "Asante, mimi ni mgeni" inatosha kabisa. Sema neno hilo *mgeni* bila haya, kwa sababu likishasikika tu mlangoni, mambo yako yote yanakuwa mepesi.

3. Kaa benchi la tatu au la nne kutoka nyuma, pembeni mwa njia. Kutoka hapo unaona wenzako wanavyofanya, na ukihitaji kutoka na mtoto humsumbui mtu. Mabenchi ya mbele huwa na wenyewe: wazee wa kanisa, kwaya, watoto wa kipaimara. Baadhi ya makanisa, hasa vijijini kuelekea Sikonge na Uyui, wanaume wanakaa upande wao na wanawake upande wao. Tazama kabla ya kukaa. Ukikuta viatu vimepangwa mlangoni, vua vyako. Ukikuta wanawake wote wamefunika vichwa, toa mtandio wako.

Kwa Wakatoliki utaona watu wakichovya kidole kwenye maji ya baraka, wakifanya ishara ya msalaba, wakipiga goti moja kuelekea tabernakulo, kisanduku kinachohifadhi Komunyo, kabla ya kukaa. Wewe asiye Mkatoliki hudaiwi hayo. Ingia kwa utulivu, ukae.

4. Simama wanaposimama, kaa wanapokaa. Usihangaike kukariri. Mtazame mtu wa benchi la mbele yako. Kwa Wakatoliki kuna kusimama wakati wa Injili, kukaa wakati wa mahubiri, kupiga magoti wakati wa mageuzo, yaani padre anapoweka wakfu mkate na divai. Ukishindwa kupiga magoti kwa sababu ya imani yako au magoti yenyewe, kaa umeinamisha kichwa. Sala ambayo hukubaliani nayo usiitamke. Kukaa kimya kanisani ni heshima, na wanaokuzunguka wanaelewa hivyo.

Kwa Wapentekoste jiandae kwa jambo moja linalowashtua wengi: watu wote huomba kwa sauti kwa wakati mmoja, kila mtu maneno yake, wengine wakilia, wengine wakinena kwa lugha. Mara ya kwanza utadhani kuna msiba. Baada ya dakika chache kiongozi atapaza sauti na kanisa litatulia. Wewe kaa au simama mahali pako, ukiweza uombe kimoyomoyo.

5. Wakisema "wageni wasimame". Hapa ndipo dada wa chini ya mwembe alipokuwa na hofu, na ana haki. Makanisa mengi yana desturi hii, kwa kawaida wakati wa matangazo. Unasimama, unataja jina na unakotoka, unakaribishwa kwa makofi au pambio. Maneno ya kutosha ni haya:

"Bwana Yesu asifiwe. Naitwa fulani, nimetokea Dodoma, nimehamia Tabora kikazi. Asanteni kwa kunipokea."

Kisha ukae. Hueleweki vibaya usipotaja dhehebu lako, kazi yako au kama umeokoka. Kama hutaki kusimama kabisa, usisimame. Ukiwa umeshamwambia mhudumu mlangoni "ningependa nisitambulishwe leo", atakulinda.

Nasema hivi kwa uchungu. Nikiwa safarini mkoa mwingine niliingia kanisa ambalo sitalitaja. Nilivutwa mkono mpaka mbele, nikaulizwa kwenye kipaza sauti kama nimempokea Bwana, na mke wangu alikuwa na maziko ya dada yake wiki ile. Nilijibu nikitetemeka. Walikuwa na nia njema, lakini walisahau kwamba aliyesimama mbele yao ana mambo yake. Tangu siku ile sijawahi kumvuta mgeni mkono.

6. Sadaka. Mahali pengine kikapu hupitishwa kwenye mabenchi. Pengine watu hupanga mstari, benchi baada ya benchi, wakiimba na kucheza taratibu kuelekea mbele. Benchi lako likisimama, nenda nao hata kama huna kitu, ukazunguke na kurudi, au baki umekaa. Hakuna anayehesabu. Noti ikunje, uitoe kwa mkono wa kulia.

Utasikia majina mengi: sadaka ya kawaida, shukrani, fungu la kumi, ahadi, mchango wa ujenzi. Fungu la kumi na ahadi ni mambo ya waumini wa hapo. Mgeni atoe mara moja, ya kawaida, basi. Bahasha zenye namba ni za washirika walioandikishwa. Usichukue moja ukadhani ni lazima.

Na jambo moja zito: maombi hayana bei. Mtu akikuambia ulete kiasi fulani ili uombewe, au akikuuzia maji, mafuta au kitambaa akiahidi kazi, mume au uponyaji, ondoka. Mwenye dawa za kisukari au za ARV asimruhusu mtu yeyote kumwambia aziache. Kuumwa na kuombewa na kumeza dawa, vyote vitatu vinakaa pamoja.

7. Komunyo au Meza ya Bwana, yaani mkate (na kwingine divai) wanaopokea waumini. Kosa ninaloliona zaidi ni hili: benchi lote linasimama, mgeni naye anasimama, anajikuta kwenye foleni mbele ya padre mikono wazi. Usifanye hivyo. Kwa Wakatoliki Komunyo ni kwa Mkatoliki aliyekwisha pokea Komunyo ya kwanza na aliye tayari. Ni mwili wa Kristo kwao. Hawaigawi kama chakula cha kukaribisha. Vuta miguu uwapishe wapite, kisha ukae. Hutabaki peke yako, maana hata Wakatoliki wengine hubaki wameketi kwa sababu zao, na hakuna anayewauliza.

Kwetu Meza ya Bwana haiandaliwi kila Jumapili, na wanaoshiriki ni waliobarikiwa, yaani waliopata kipaimara. Wasabato hufanya ushirika mara nne hivi kwa mwaka, na kabla yake wanaoshana miguu, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Ukikutana na siku hiyo, unaweza kubaki na kutazama. Baadhi ya makanisa humkaribisha mezani kila aliyebatizwa. Watatangaza wenyewe. Usiposikia tangazo, kaa.

8. Mahubiri, na wito wa kwenda mbele. Ukisikia "amina" katikati ya mahubiri, ni waumini wanaitikia mhubiri. Simu izime kabisa kabla hajaanza, mtetemo pia unasikika kwenye benchi la mbao. Mwishoni, hasa kwa Wapentekoste, huitwa wanaotaka kuokoka au kuombewa. Unakwenda ukitaka mwenyewe. Jirani akikugusa bega na kukuuliza, "Twende nikusindikize?", unaweza kujibu, "Asante, leo nimekuja kusikiliza." Ukienda, jua kwamba utawekewa mikono kichwani au begani na utaulizwa jina na namba ya simu ili wakufuatilie. Namba ni hiari.

9. Usikimbie mnada. Baada ya baraka mgeni hudhani yameisha, anaelekea kwenye bodaboda. Subiri. Kwetu, na kwa Walutheri pia, watu wasio na pesa taslimu huleta walichovuna: debe la mahindi, viazi vitamu, karanga, kuku aliyefungwa miguu, na msimu wake ukifika, maembe kwa ndoo. Vitu hivi vinauzwa nje, chini ya mti, na pesa inaingia kwenye sadaka.

Mzee anashika yai juu. "Mia tano!" Mtu anasema elfu. Mwingine elfu mbili. Aliyeshinda analipa, kisha anasema, "Liuzwe tena." Linauzwa tena. Jumapili moja nililiona yai moja likizunguka mara tano, la mwisho likanunuliwa na kijana wa duka la vipuri, akalitembeza mpaka kwa bibi aliyekuwa amelileta na kumrudishia mkononi. Bibi alikuwa amekuja nalo limefungwa kwenye ncha ya khanga kwa sababu hakuwa na shilingi. Alilitazama, akalifunga tena pale pale.

Kwa hiyo usishangae bei. Usinyooshe mkono kama hununui, kwa maana mkono juu ni bei. Ukitaka kushiriki, sema kiasi ulichonacho mfukoni, kwani kulipa ni papo hapo. Na mara nyingi watu huchanga wakanunua kitu "kwa ajili ya mgeni wetu". Kikija kwako, pokea kwa mikono miwili na useme asante. Usikikatae na usikilipie.

10. Kuondoka. Watu watapanga mstari nje wakipeana mikono wote na wote, kwaya wakiimba. Ingia kwenye mstari. Mchungaji au padre atakuwa mwishoni, na hapo ndipo pa kusema "naomba tuzungumze wiki hii" kama una jambo. Usimweleze tatizo zito palepale, kuna watu mia nyuma yako. Wakatoliki watakuuliza unaishi wapi ili wakuelekeze kwenye jumuiya ndogondogo ya mtaa wako, Isevya, Cheyo, Ipuli au popote. Humo kwenye jumuiya utajuana na watu haraka kuliko kanisani.

Kama umekuja kwa harusi, ubatizo au maziko, na wewe si Mkristo

Karibu kwa moyo wote. Tabora tumezikana na kuozana miaka mingi, na mimi mwenyewe nimekaa kwenye mikeka ya majirani zangu Waislamu wakisoma dua. Kaa, simama na wenzako ukipenda, ukae ukipenda. Huhitaji kuimba, kufanya ishara ya msalaba wala kusema amina. Mtandio au kofia yako ya kawaida haina shida kwa mwanamke. Mwanamume aulize kwa mhudumu kuhusu kofia, kwa sababu wanaume huvua kofia kanisani, na wengi wetu tutakuelewa ukieleza. Hotelini au nyumbani baada ya ibada, uliza chakula kimechinjwa na nani kabla ya kula. Wenyeji wengi huwa wameshalifikiria hilo na wamemwita Mwislamu achinje.

Mambo yakienda kombo

*Mtoto analia.* Toka naye nje, mtembeze, urudi. Karibu kila kanisa lina Shule ya Jumapili ya watoto, lakini usimpeleke kabla hujamwona mwalimu na kujua darasa liko wapi.

*Spika zinakuumiza masikio.* Hamia nyuma au dirishani. Wapiga kinanda wetu vijana hupenda sauti kubwa, na wahudumu wanajua.

*Umesimama wakati wote wamekaa.* Kaa. Hakuna aliyeona isipokuwa mtu mmoja, naye amewahi kufanya hivyo hivyo.

*Umepokea Komunyo bila kujua.* Usiitoe mdomoni wala kuiweka mfukoni. Meza kwa utulivu, kisha baada ya misa mwambie padre au katekista (mwalimu wa dini). Hutagombezwa. Kama bado iko mkononi, mrudishie padre au mhudumu wa Komunyo palepale.

*Mtu ameanguka au kupiga kelele wakati wa maombi.* Wahudumu watamzunguka. Wapishe. Ukiona ni degedege au kifafa, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na uwaambie wahudumu kwa sauti kwamba anahitaji hospitali.

*Wameandika namba yako na wanapiga kila siku.* Waambie mara moja, kwa adabu: "Asanteni, nikihitaji nitakuja mwenyewe." Wakiendelea, mwambie mchungaji.

*Unatumia kiti cha magurudumu au huoni vizuri.* Makanisa mengi ya hapa yana ngazi mlangoni bila njia ya kupanda. Mtume mtu Jumamosi aongee na mzee wa kanisa, tutawapanga vijana wanne wa kukupokea getini, na nafasi yako itakuwa imeachwa wazi mwisho wa benchi.

*Umefika, umeogopa, umebaki chini ya mwembe.* Kaa hapo. Kuna benchi. Mtu wa mlangoni anakuona, na atakuja.